Mtani Hakuambiwa

Mama yangu, Sikuzani binti Mrisho, alikuwa na kazi tatu hapa Bagamoyo: kusuka makuti, kusali kwa wakati, na kuharibu misiba ya watu. Nilimzika mwezi uliopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na arobaini yake bado haijasomwa. Watu wanaokuja kunipa pole wote humtaja kwa hiyo kazi ya tatu, basi nami nitaanzia hapo.

Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyeshuka pwani ujanani na mzigo wa watu kichwani. Alipoutua Bagamoyo aliitazama bahari, akasema hawezi kurudi kwao kuwaeleza wenzake kitu kikubwa namna ile wakamwamini. Akakaa. Akasilimu, akaoa, akazaa binti mmoja, ndiye mama. Hivyo mama alikuwa mtoto wa pwani kwa kila kitu, kwa lugha, kwa mapishi na kwa dini, lakini kwa damu ya baba alibaki Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani.

Vijana wa siku hizi wanadhani utani ni kucheka tu. Mtani alikuwa na haki. Angeweza kuipua chungu chako cha samaki jikoni akaenda zake, ukabaki unamshukuru. Na siku ya msiba, wakati kila mtu ameinamisha kichwa, mtani ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuinua sauti. Alivaa nguo ya marehemu, akatembea mwendo wake, akagomba kama alivyogomba, akakohoa kikohozi chake. Wafiwa wangecheka kwanza, kisha wangelia vizuri, kisha wangekula. Mpaka mtani apite, msiba ulikuwa haujaisha.

Mama aliijua kazi hiyo kutoka Kaole mpaka ukingo wa Ruvu. Mzee mmoja alipata kusema kwamba haogopi kufa, anaogopa kuigizwa na Sikuzani.

Mimi ndiye niliyemwachisha. Nilikuwa nasoma sekondari Dar es Salaam, na miongoni mwa mengi niliyojifunza huko ni kuona haya. Likizo moja nilimkuta mama amelala ubavuni mwa kaburi jipya, anasema hatoki mpaka apewe jogoo mwekundu, na jogoo mwekundu anakimbizwa kijiji kizima. Jioni nikamwambia, "Mama, mambo haya si ya dini."

"Sheikh wako kasema?"

"Ninasema mimi."

"Aa. Basi kasema sheikh mdogo."

Lakini alinisikia. Nilikuwa mwanawe wa pekee na ndiye msomi wa kwanza wa nyumba ile. Tangu siku hiyo akawa anakwenda misibani kama watu wengine, anakaa kwenye jamvi na kunyamaza. Watu walimwuliza kama anaumwa.

Ndipo ukaja mwaka 1957 na mafua yale makubwa. Yalikuja kwa meli, watu walisema, kutoka mashariki ya mbali, yakaingia bandari moja baada ya nyingine. Kwetu yalifika baada ya Idi ya Mfungo Tatu. Wengi waliumwa siku tano wakaamka na miguu ya uzi. Wachache hawakuamka, na katika wachache hao walikuwamo vijana. Shule yetu ilifungwa, nikarudi nyumbani na sanduku langu. Bwana Afya alipita mitaani na baiskeli akisoma amri: ngoma zisipigwe, harusi zingoje, mtu akikohoa afunike kinywa, na msibani wasizidi watu sita. Matanga yasikaliwe kabisa.

Mtu wa pwani anaweza kukosa chumvi akala. Kukosa matanga hakujui.

Njia ya Mbegani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kwetu, aliishi Mzee Mwinyijuma, Mzaramo mwenye shamba la minazi. Aliishi na binti yake Zuleha, mjane, na watoto wawili wa Zuleha. Mkubwa, Abdala, alikuwa na miaka ishirini, mkwezi wa minazi ya babu yake. Mdogo, Mina, alikuwa na miaka kumi na mitano. Kaka alikwea akaangua nazi, dada akazikusanya chini. Ukipita njia ile asubuhi ungewasikia wanabishana, mmoja juu mmoja chini, kama kunguru na kuku.

Homa ilianza kwa Mina. Siku mbili kabla amri haijasomwa alikwenda Mbegani kwenye harusi ya rafiki yake, akarudi na kikohozi. Abdala akamwuguza. Alimpikia uji, akamfuta jasho, akamchekesha mpaka Zuleha akawagombeza wote wawili. Mina alipoamka, Abdala akalala. Siku ya sita akafariki.

Alizikwa na watu sita. Swala ilisaliwa kama inavyopasa, na kabla ya adhuhuri kila mtu alikuwa kwake. Mzee Mwinyijuma akapeleka habari kwa ndugu wa Kaole, wa Miono na wa Chalinze. Kwa watani hakupeleka. Matanga hayapo, aliwaza, sasa mtani aje kufanya nini?

Habari tulizipata kwa wapita njia. Mama alikuwa uani anasuka kuti. Aliacha kidogo, akasema, "Innaa lillahi. Yule mwembamba," kisha akasema, "Sikuambiwa," akaendelea kusuka. Kwa desturi, mtani ambaye hakuambiwa hana mguu wa kwendea.

Huko kwa Mwinyijuma, Mina alikuwa ameketi. Siwezi kulieleza kwa neno jingine. Asubuhi alitoka akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akaelekea ukuta wa jiko, na hapo hapo jua lilimkuta na likamwacha. Hakulia, maana siku ya mazishi babu yake alimwambia asilie, machozi humsumbua maiti, naye alikuwa mtoto msikivu. Hakusema. Akipewa uji alimeza vijiko viwili ili mama yake aondoke. Zamani wangekuja wanawake kumi wakalala naye chumba kimoja siku tatu, wakimsemesha usingizini. Mwaka ule kila nyumba ililala peke yake.

Zuleha hakukaa bure. Alimwita sheikh, akaja, akasimama mlangoni kwa sababu ya amri, akamsomea Yasin na kumwandikia kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji. Mina alilinywa kombe lote kwa adabu, asiseme neno. Mganga mmoja wa Miono alituma jibu kwamba mtoto ana shetani, na shetani huyo anataka ngoma siku saba. Lakini ngoma zilikuwa zimekatazwa, kwa mtu na kwa shetani. Mwisho Mzee Mwinyijuma akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mwezi ukiandama bila nafuu itabidi mtoto apelekwe Dodoma, kwenye hospitali ya watu waliopotewa na akili.

Zuleha aliposikia Dodoma alijitanda kanga yake akashika njia ya mjini mpaka zahanati.

Dresa wa zahanati aliitwa Mtoro. Alikuwa mtu wa makamo, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Alimsikiliza Zuleha mpaka mwisho, na siku zile foleni ya wagonjwa ilifika barabarani.

"Homa anayo?" akauliza.

"Hana."

"Kifua?"

"Kizima. Ila hayupo, bwana dresa. Amekaa pale lakini hayupo."

Dresa Mtoro akaitazama kabati yake ya dawa kama mtu anayetazama maji kisimani wakati wa kiangazi. "Mimi, bibi, nina dawa ya homa, ya kikohozi na ya vidonda. Ya huyu sina. Kwenu akifa mtu, nani huja kuwachokoza?"

"Mtani."

"Alikuja?"

Zuleha akatazama chini. "Hakuambiwa."

"Basi huko ndiko kwa kuanzia," alisema dresa. "Mtu mmoja si mkusanyiko. Afunike kinywa tu."

Haya Zuleha mwenyewe alinihadithia baadaye. Yanayofuata niliyaona.

Siku hiyo hiyo alibisha hodi uani kwetu.

"Hodi ya nani?" aliuliza mama, na alikuwa anamwona.

"Zuleha, wa Mzee Mwinyijuma. Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Simjui. Watu wa Mwinyijuma wanazika wenyewe, hawana haja ya watu."

"Nimekuja kukuambia."

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tisa."

"Siku kumi na tisa. Hata papa mnaowaanika kwenu Mbegani hawangoji kiasi hicho."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilimwona Zuleha, mwanamke aliyetembea jua lote lile, midomo inamcheza. Akakaa chini kwenye makuti bila kukaribishwa, akaeleza yote: kizingiti, ukuta, vijiko viwili, Dodoma. Mama alimsikiliza huku vidole vyake vinasuka. Alipomaliza, mama akanigeukia.

"Sheikh mdogo, wasemaje?"

Niliitazama miguu ya Zuleha, vumbi mpaka magotini. "Nenda, mama."

"Ruhusa sikukuomba. Nauliza kama una viatu, maana kesho utanisindikiza."

Kesho yake asubuhi tulifika kwa Mzee Mwinyijuma. Mama alisimama mwisho wa uwanja, kanga imemziba kinywa kama Bwana Afya alivyotaka, na kanga hiyo haikuipunguza sauti yake hata kidogo.

"Mwinyijuma. Mwizi wa maiti wewe. Umemzika mtu wangu ukanificha."

Mzee akatoka ndani na bakora yake. "Nani huyo anayepiga kelele kama mpagazi?"

"Mpagazi ndiye mwenyewe. Nimekuja kuchukua haki yangu."

"Haki gani? Matanga hakuna, wali hakuna, jogoo amekufa kwa uchovu tangu umkimbize mwaka juzi."

"Nataka kofia ya marehemu."

Mzee aliikaza bakora yake. Nadhani alitaka kukataa. Lakini haki ya mtani haikataliwi, hata na mtu mwenye bakora, na Zuleha alikuwa tayari ameingia ndani kuileta. Ilikuwa kofia ya viua, ya zamani, na pindo lake limekuwa jeusi kwa jasho. Mama aliivaa juu ya kanga yake.

Mina alikuwa kwenye kizingiti chake. Alikuwa ameupa mgongo uwanja mzima.

Sasa lazima niseme kosa la mama, maana bila kosa hilo nisingekuwa na la kuandika. Shamba lile lilikuwa na wakwezi wawili, Abdala na jirani yake Rajabu, wote vijana, wote wembamba, wote kaptura za kaki. Mama aliwajua kwa kupita njia tu, na mkwezi ukimtazama kutoka chini huoni uso, waona nyayo. Basi mama alikuwa amemshika Rajabu kichwani mwake, akidhani ndiye Abdala.

Alianza kutembea kwa madaha, bega moja juu bega moja chini. Akaimba wimbo wa harusi kwa sauti ya puani. Akaukumbatia mnazi wa karibu, akajifanya anakwea, huku anaimba. Akafika juu, yaani alisimama kwenye ncha za vidole, akapaza sauti, "Chini huko, jihadharini, Abdala anaangua," akaimba tena. Mzee Mwinyijuma alinitazama, nami nikamtazama. Alijua kwamba kuna kitu kimekosewa, lakini alikuwa mfiwa, na mfiwa hamfundishi mtani kazi.

Mgongo wa Mina haukutikisika. Mama akazidisha. Akaimba ubeti wa tatu.

"Hakuwa anaimba."

Sauti ilikuwa imekwaruza kama mlango wa ghala. Zuleha alishika nguzo ya baraza.

"Nani kasema?" aliuliza mama, bado amekumbatia mnazi.

"Hakuwa anaimba." Mina hakuwa amegeuka. "Anayeimba ni Rajabu."

Mama alisita, nikamwona anahesabu nyayo zote alizopata kuziona. Akatambua. Mtu mwingine angeomba radhi. Mama akaweka mkono kiunoni.

"Mimi ndiye Abdala, na mimi naimba. Wewe unanijua kuliko ninavyojijua?"

Mina akageuka. "Ndiyo," alisema.

"Haya. Basi nafanyaje, kama siimbi?"

"Unaamkia kwanza."

"Namwamkia nani?"

"Mnazi. Alikuwa anauamkia kabla ya kukwea. Bibi ndiye aliyeipanda hii yote."

"Unaamkia mnazi?" Mama alimgeukia Mzee Mwinyijuma. "Kumbe nyie Wazaramo mnaamkia mpaka kuni? Ndiyo maana jua linapanda hamjafika shambani, njia nzima mnapokea marahaba."

"Si hivyo unavyofanya," alisema Mina, na akainuka. Aliyumba kidogo, miguu ilikuwa imesahau. Alikatiza uwanja, akamvua mama kofia kichwani, akaivaa mwenyewe. Akaupiga mnazi makofi mawili mepesi, kama mtu anavyompiga mzee mgongoni, akasema kwa sauti nzito ya kiume, "Shikamoo, bibi. Naomba mgongo."

Zuleha ndiye aliyecheka kwanza, na mkono kinywani. Babu akafuata, kicheko cha kukohoa. Kisha Mina naye akacheka, na kicheko kile kikakatika katikati, kikawa kilio. Alilia ameukumbatia mnazi, kilio cha siku ishirini. Mzee Mwinyijuma akafungua kinywa.

"Wewe mzee nyamaza," alisema mama. "Hicho kilio si chako."

Akanyamaza. Mama akaketi chini mchangani, hatua chache kutoka kwa Mina, akangoja. Baada ya muda mrefu Mina akasema, uso bado kwenye mnazi, "Mimi ndiye niliyemletea. Homa niliitoa Mbegani mimi. Nikapona mimi, akafa yeye."

Basi hilo ndilo alilokuwa akilitazama kwenye ukuta wa jiko. Zuleha alikuwa amegeuka jiwe. Mimi, msomi, nilikuwa natafuta aya ya kusoma, na zote zilinikimbia.

Mama akapandisha nyusi. "Wewe?" alisema. "Wewe mtoto wa Kizaramo, ukitumwa chumvi jikoni unarudi na upawa. Leo utumwe mauti Mbegani, uyafikishe salama, tena kwa mwenyewe?" Akatikisa kichwa. "Kazi hiyo ina mwenyewe, naye ni malaika, na hakuajiri mtu. Na kama angetaka wa kumbebea mzigo, angekuja kwetu Wanyamwezi. Nyie wa pwani mnajulikana, mngeutupa njiani mkaenda kulala."

Mina alimtazama. Machozi yalikuwa yanashuka na kamasi zinashuka, na kofia imekaa upande.

"Hatutupi mizigo," akasema.

"Mnatupa."

"Hatutupi."

"Haya, kale uji, tuone kama hutautupa."

Wakati huo huo kengele ya baiskeli ikalia njiani. Alikuwa Bwana Afya. Aliona mwanamke ameketi mchangani, mzee na bakora, mjane anafuta macho, kijana wa shule amesimama hana kazi, na msichana ndani ya kofia ya kiume amekumbatia mnazi. Akashuka. "Kuna mkusanyiko gani hapa?"

"Tupo watano, bwana," alijibu mama, "na bibi huyu wa sita," akauonyesha mnazi. "Amri si sita?"

Bwana Afya alimtazama Mina. "Huyu anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa."

Akafikiri kidogo, akaangalia daftari lake, akaona hakuna safu ya kuliandika jambo lile. Akapanda baiskeli akaenda zake.

Asidhani msomaji kwamba Mina alipona siku hiyo. Alikula nusu bakuli ya uji, na kesho yake alirudi kwenye kizingiti. Lakini mama naye alirudi. Kwa miezi miwili alikwenda kila Jumatatu na kila Alhamisi, akichukua makuti yake ya kusuka ili siku isipotee, na kila mara alivaa kofia ile akakosea jambo. Mara Abdala alipenda muhogo, naye hakuupenda. Mara alikuwa mwoga wa nyuki, naye aliwahi kushuka na sega zima mkononi. Mina alimsahihisha kwa hasira, kisha kwa uchovu, kisha kwa kicheko. Wiki ya tano alikuwa amehama kizingitini, anasuka makuti pamoja na mama, na ubishi wao ulisikika njiani. Habari ya Dodoma haikutajwa tena.

Nilidhani mama ameanza kusahau. Nikamwambia njiani, "Mama, habari ya muhogo alikusahihisha juzi."

"Najua."

"Sasa mbona umerudia?"

"Siku ya kwanza nilikosea kweli," alisema. "Nikaona kitu. Mwanangu, mtu anaweza kuvumilia maiti wake amekufa. Akisikia amekosewa, havumilii."

Dresa Mtoro naye aliona. Akaanza kumletea watu, bila barua, maneno matupu tu: nenda kwa Bi Sikuzani, mwambie umefiwa, mwambie hukumwambia. Walikuwa vijana zaidi, kwa sababu wazee walijua namna ya kulia, lakini vijana wa mwaka ule walifundishwa kukaa mbali na kila mtu, wakakaa mbali hata na misiba yao. Kaole walikuwapo ndugu wawili, Hija na mdogo wake, waliofiwa na baba, fundi wa mashua. Walikuwa hawasemezani hata wao kwa wao. Mama alikaa barazani kwao akahadithia jinsi marehemu alivyokuwa akifungwa bao na kila mtu. Hija akasema baba yake hakuwahi kufungwa bao. Mdogo wake akasema alifungwa, mara moja, na mtu wa Mlingotini. Hija akasema mtu yule aliiba kete. Mama alipoondoka walikuwa wametoa bao la baba yao, wanaonyeshana.

Na alikuwapo Somoe, binti wa mtaa wa Dunda, aliyepoteza mama yake na mtoto wake mchanga katika wiki moja. Mama alikosea yote aliyoweza kukosea. Somoe alisikiliza yote, hakusahihisha hata moja. Siku ya tatu mama aliacha mizaha, akakaa naye kimya, akasuka kuti moja, akalifumua, akalisuka tena. Jioni akaenda kwa dresa. "Huyu si wa kwangu," akamwambia. "Mtafutie mwenye elimu." Dresa akaandika barua kwa kalamu ile inayoandika, na shangazi yake Somoe akampeleka hospitali Dar es Salaam. Alirudi baada ya mwaka, mzima, ila mkimya. Mama alimwombea kila baada ya alasiri mpaka siku zake zilipoisha. Katika wote aliowaendea, Somoe ndiye aliyemtaja katika dua kwa jina.

Dhamiri yangu haikuniacha hivi hivi. Nilimwendea sheikh, mzee mwenye subira, nikamwuliza hukumu ya utani msibani. Alinijibu kwamba kuomboleza kwa makelele kumekatazwa, na kulala makaburini aache. "Lakini kukata tamaa na rehema ya Mungu nako kumekatazwa," akasema. "Mama yako anawapeleka watu kwenye kukata tamaa, au anawatoa?" Nilipomfikishia mama habari ya makaburi alikubali mara moja. Alisema umri wenyewe haukumruhusu tena kulala chini.

Mafua yaliisha, amri ikafutwa, shule ikafunguliwa, nami nikarudi Dar es Salaam na sanduku langu. Mina aliolewa miaka mitatu baadaye, na Rajabu. Wanasema siku ya harusi Rajabu aliimba mpaka akaombwa anyamaze.

Mama alifariki kwa usingizi wake, baada ya alfajiri, tasbihi mkononi. Nikafanya yote yanayompasa mwana. Nilisimamia kuoshwa kwake, nikaingia kaburini kumpokea, nikakaa kwenye jamvi siku mbili nzima nikipokea mikono ya watu, nikisema alhamdulillahi kwa kila pole. Sikutoa chozi. Nilijiona mwenye subira. Wake wa majirani walileta chakula kikarudi kama kilivyo.

Siku ya tatu asubuhi nilisikia kelele uwanjani. "Nani amemzika mtu wangu bila kuniambia?"

Alikuwa Mina, mwanamke mzima sasa, wanawe wawili wanamfuata. Alipita katikati ya wanaume kwenye jamvi, maana ilikuwa haki yake, akaingia ndani, akatoka amejitanda kanga ya mama. Akakaa kwenye kiti, magoti pamoja, mikono mapajani, macho chini.

"Namkumbuka marehemu," alisema kwa sauti ndogo. "Mtu mpole. Mtu wa haya. Neno halimtoki mpaka umwombe."

Watu wa jamvini wakatazamana.

"Hakuwa mpole," nilisema.

"Mpole kabisa. Msibani alikaa kimya, akiogopa kuwaudhi watu."

"Mama yangu hakuwa mpole hata siku moja," nilisema, na nikasikia sauti yangu imepanda juu ya ile ya msomaji wa Kurani. "Alilala kaburini akataka jogoo. Alimwambia Bwana Afya kwamba mnazi ni mtu."

"Kumbe?" alisema Mina. "Mimi sikumjua hivyo. Alikuwaje?"

Nikafungua kinywa nimweleze, na hapo ndipo kilio kiliponishika, mbele ya wazee wote, tasbihi ikaanguka. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Mina alisukuma sahani ya wali mbele yangu, akasema, kwa sauti ya mama sasa, na safari hii hakukosea hata kidogo, "Kula, sheikh mdogo. Kisha utueleze."

Nilikula. Nikawaeleza hadi adhuhuri, na niliyoyaruka siku ile nimeyaandika hapa. Mina ameyasoma na anasema jogoo alikuwa mweupe. Alikuwa mwekundu. Mwenye kumjua mama vizuri kuliko sisi na aje, jamvi bado limetandikwa.